Kobe Wachanga, Taa Zao na Makosa Yangu

Nyie mnaoanza kazi hii siku hizi mna raha moja. Mkitaka kujua maji ya kobe yana joto kiasi gani, mnachovya kipimajoto, kinawaandikia namba. Mie nilianza kwa kuchovya kiwiko, kama mama anayepima maji ya kumwogesha mtoto. Na siku niliyochovya kiwiko nikajiambia hapa sawa, kabla ya saa saba mchana kobe wachanga wanne walikuwa wamekufa.

Nimeanza na hilo makusudi. Mkuu wenu ameniomba niwaandikie nilichojifunza miaka yote niliyolea kobe, na najua angependa nianze na mazuri. Mazuri yapo. Lakini karibu kila zuri ninalolijua lilinijia kupitia kosa, na kupitia mtu aliyenivumilia nilipokosea. Kwa hiyo haya ni maelezo ya kazi, na humo humo mna shukrani zangu. Mtatenganisha wenyewe.

Naitwa Somoe. Wazazi wangu walitoka Newala, mie nimekulia Chang'ombe, na kabla ya kobe nilikuwa mlezi wa vifaranga kwenye banda la kuku huko huko Temeke. Kazi hiyo nilikuwa naiweza. Kifaranga hana siri. Ukiwasha taa ukaona wamerundikana chini yake, ujue wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni na kuachama midomo, umewachoma. Wakilala kila mmoja alipo, kama wageni waliokula wakashiba, joto liko sawa, nenda kanywe chai.

Kwa sifa hiyo Mama Kileo alinichukua. Alikuwa na bustani ya wanyama mbele kidogo ya Mbezi Luis, wanafunzi wakija kwa mabasi kutazama nyani na mbuni, na nyuma kabisa kulikuwa na chumba cha kobe wa maji. Alikuwa na kibali cha kuwazalisha, na aliyetaka kwenda kumfuga kobe nyumbani ilibidi awe na kibali chake. Hilo msiliruke hata siku moja. Kobe wa kuokotwa bwawani aachwe bwawani.

Basi nikapewa kobe saba, kila mmoja mdogo kama kifuniko cha chupa ya maziwa. Nikawaonea huruma, vidogo vile, ndani ya maji! Nikafanya nilichokijua: nikawafungia balbu mbili kubwa juu ya tangi la kioo, moja kila upande, joto lienee kote kama kwa vifaranga. Tangi lilikuwa barazani. Asubuhi kiwiko kilisema sawa. Saa tano jua likafika barazani, likajumlika na balbu, na mie nilikuwa nimekwenda kuwapokea wanafunzi. Niliporudi watatu walikuwa bado wanachezesha miguu. Wanne hapana.

Nilikwenda mwenyewe kwa Mama Kileo na ndoo mkononi. Nikamwambia, "Mama, nimewaua. Hakuna ugonjwa, ni mie."

Akatazama ndani ya ndoo. Akasema, "Umekuja kuniambia kabla sijauliza. Kesho njoo kazini. Lakini kwanza nitafutie mtu anayejua umeme."

Mtu wa umeme niliyemjua ni mmoja, Fundi Ausi, jirani yetu Chang'ombe, mzee mfupi aliyekuwa akitengeneza feni na pasi kwenye kibanda kilichojaa feni na pasi za watu waliokwisha kuzisahau. Alikuja na begi lake, akainama kwenye tangi, akagusa balbu ya kushoto, akagusa ya kulia.

"Dada Somoe, hapa ulikuwa unalea au unachemsha supu?"

"Nilikuwa nawapa joto, Fundi."

"Joto umewapa. Pa kulikimbia umewapa wapi?"

Wanangu, swali hilo ndilo kazi yote. Kifaranga akiona joto limemzidi anasogea pembeni. Kobe naye ana akili hiyo hiyo, tena yeye mwili wake hautengenezi joto, anaazima kwa kutembea: akitaka kupasha damu anapanda juani, akitosheka anarudi majini. Mie nilikuwa nimeziba pembe zote. Fundi Ausi aling'oa balbu ya kulia akaitia kwenye begi. Ya kushoto akaielekeza kwenye tofali lililotokeza juu ya maji. Upande wa pili akauwekea kipande cha ubao kuwa kivuli.

Tangu siku hiyo sijawahi kupanga tangi bila pande mbili. Juu ya tofali, anapoota kobe, nataka nyuzi thelathini hadi thelathini na mbili. Maji, ishirini na tano, ishirini na sita. Upande wa kivuli uwe chini ya hapo. Na baada ya kipimajoto, vuta kiti, mtazame kobe mwenyewe. Akikaa juu ya tofali siku nzima bila kushuka, maji ni baridi. Asipopanda kabisa, pale juu panachoma. Hilo nililijua kutoka kwa vifaranga, ila nilikuwa nimesahau kutazama.

Fundi Ausi alinifundisha mengine madogo ambayo hayamo kwenye semina zenu. Taa ifungwe kwa mnyororo, kile kibanio kinachokuja nayo usikiamini, siku moja kitaachia na taa itaingia majini. Waya wake uuache uning'inie chini ya soketi kabla haujapanda kuingia, ili tone la maji likitambaa lidondoke sakafuni. Na kabla hujapunguza maji ya tangi, chomoa kwanza hita, ile inayopasha maji, maana hita ikibaki hewani inawaka inapasuka. Hilo la hita aliniambia mara mbili. Mara ya tatu niliambiwa na hita yenyewe, ilipasuka nikiwa na ndoo mkononi, kwa mlio wa bastola, na nyani wote wa Mama Kileo wakapanda juu ya wavu.

Umeme ukikatika, tulieni. Hii Dar. Funika tangi kwa blanketi, usimlishe kobe mpaka apate joto tena, subiri. Baridi inayoua kobe hapa mjini mara nyingi ni ya kutengeneza. Kulikuwa na bwana mmoja, karani wa kampuni ya kutoa mizigo Kurasini, alinipigia simu kwamba kobe wake hajala, siku ya tano sasa. Nikaenda kwake. Nilipoingia sebuleni nikatamani kurudi kuchukua sweta, kiyoyozi kinavuma juu ya tangi. Kobe nikamkuta amevalishwa soksi.

"Nimemwonea huruma, anatetemeka," bwana akaniambia.

"Kobe hatetemeki, kaka. Anayetetemeka hapa ni mie."

Tulimhamishia chumba kisicho na kiyoyozi, tukamwashia taa yake, na kesho yake akala. Soksi nikamwambia bwana airudishe mguuni kwake mwenyewe.

Kwa visa vya namna hiyo nikapata jina. Watu wakaniita daktari wa kobe, mie ambaye shule niliishia la saba. Jina lile lilinipendeza kuliko ilivyofaa. Na sasa nakuja kwenye jambo ambalo hasa lilinifanya nikubali kuandika.

Mwananyamala kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi, Mwalimu Tumaini, mama aliyekuwa akiishi na binti yake wa miaka kumi, Tunu. Tunu aligongwa na pikipiki, akavunjika paja. Alikaa hospitali, akarudi nyumbani na magongo, na kutoka hapo akagoma kutoka nje. Nyumba yao ilikuwa na uwanja wa pamoja na wapangaji wengine, watoto tele, na Tunu hakutaka waone anavyotembea. Mama yake akashughulikia kibali, akamletea kobe mchanga kutoka kwetu ili apate wa kuzungumza naye. Tunu akamwita Sahani.

Nilikwenda mwenyewe kupanga tangi kando ya kitanda. Nikaweka balbu ya joto, tofali, kivuli. Mwalimu akaniuliza, "Na mwanga wa jua? Nimesoma kwamba ganda linahitaji jua."

Nikamjibu bila kusita, "Sogezeni tangi dirishani. Jua la asubuhi linaingia vizuri."

Dirisha lilikuwa la vioo vya kusukuma, na halikufunguliwa kwa sababu ya vumbi. Jua lilipita likaangaza tangi lote, mpaka kobe akang'aa. Nani angesema hapo pana tatizo?

Baada ya miezi minne Mwalimu Tumaini alifika bustanini na Sahani ndani ya bakuli, na daftari la Tunu. Nilimbonyeza Sahani kwa kidole gumba, taratibu. Ganda likabonyea. Ganda la kobe mchanga huwa laini kidogo, lakini miezi inavyokwenda lapaswa kukaza, na hili lilikuwa kama ganda la embe lililoiva sana. Macho yamevimba, miguu ya nyuma haina nguvu.

Nikafungua daftari. Kila asubuhi, kwa mwandiko wa kunyoosha, Tunu alikuwa ameandika: maji nyuzi ngapi, tofali nyuzi ngapi, amekula nini, jua limeingia saa ngapi na kutoka saa ngapi. Hakuruka siku hata moja. Pazia alilifungua mwenyewe kwa gongo.

Mwalimu akaniuliza, "Tumekosea wapi, Dada Somoe?"

Sikujua. Neno la kusema lilikuwa hilo tu, sijui. Lakini daktari wa kobe hasemi sijui. Nikasema, "Itakuwa chakula. Watoto bwana, wakati mwingine anaandika amempa, kumbe hajampa."

Mwalimu akafunga daftari. "Nitazungumza naye," akasema.

Mama Kileo alimwita daktari wa mifugo, akamwanzishia Sahani dawa ya madini ya chokaa ya kukaza ganda, tukabaki naye. Mie nikaendelea na kazi.

Wiki mbili baadaye Fundi Ausi alikuja kutufungia taa mpya za tyubu, zile zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama wa aina hii. Tulikuwa tunaziita taa za jua. Kwa kuwa kobe wanarusha maji, nilitaka aweke kioo chembamba kati ya taa na tangi. Nilikuwa nimeshakikata.

"Karatasi ya ndani ya boksi iko wapi?" akauliza.

"Nimetupa. Ni Kiingereza kitupu."

Akaenda mwenyewe kwenye pipa la taka, akaitoa, akaipangusa kwenye suruali, akavaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi. Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Kisha akasema, "Wanasema usiweke kioo. Mwanga utapita utauona, lakini ile miale inayokomaza ganda haipiti kwenye kioo. Macho yako hayawezi kukuambia ipo au haipo."

Nikasimama na kipande changu cha kioo mkononi. "Fundi, hiyo ni ya taa. Jua je? Jua likipita kwenye kioo cha dirisha?"

Akanitazama juu ya miwani. "Kioo ni kioo, Dada Somoe. Kwani kinajua kipi kinatoka kwenye taa?"

Nilikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa. Daftari lile likanirudia ukurasa kwa ukurasa. Mtoto alifanya kila nilichosema, na nilichosema ndicho kilichomlemaza kobe wake, kisha nikamwambia mama yake kwamba mtoto ni mwongo. Kobe wanne wa kwanza niliwatangaza mwenyewe na ndoo mkononi. Huyu mmoja, kwa sababu siku hizo nilikuwa nina jina, lawama zake nilimtupia mtoto wa miaka kumi.

Nikamweleza Fundi Ausi yote. Hakunipa pole wala hakunigombeza. Aliendelea kufunga skrubu, akasema tu, "Mwananyamala ni basi moja na bajaji."

Jumamosi asubuhi nikaenda, na Sahani kwenye ndoo yenye mfuniko wa matundu. Mwalimu alinikaribisha vizuri. Tunu alikuwa kitandani, amegeukia ukutani.

"Shikamoo Anti," akasema bila kugeuka.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukwambia wewe, na mama asikie. Sahani hakuugua kwa sababu yako. Niliwaambia mumweke dirishani, na kioo cha dirisha kinazuia kile kitu kwenye jua kinachokomaza ganda. Sikulijua. Halafu nilipoulizwa nikasingizia chakula. Daftari lako lote ni sahihi. Mwongo nilikuwa mie."

Tunu akageuka. "Kwa hiyo sio mimi?"

"Sio wewe. Hata kidogo."

Akamtazama mama yake. Mwalimu Tumaini alikuwa amesimama, mikono ameifumbata. "Nilimkaripia," akaniambia polepole. "Nilimnyang'anya lile daftari. Wiki mbili, Dada Somoe, huyu mtoto amekuwa halali vizuri."

Nikasema nisamehe, nikasema tena. Aliyetuokoa ni Tunu.

"Sasa afanyweje apone?"

Nikamweleza. Dawa ya daktari. Taa ya jua, Mama Kileo ameitoa, hii hapa, ikae shubiri moja na nusu juu ya tofali, pasiwe na kioo kati. Iwashwe kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku, kisha izimwe, kobe naye anahitaji giza alale. Tarehe tuliyoifunga tuiandike kwenye kipande cha utepe wa gundi tukibandike juu yake, kwa maana baada ya miezi kadhaa itaendelea kuwaka lakini miale yake itakuwa imekwisha. "Na zaidi ya yote," nikasema, "jua lenyewe. Beseni la plastiki, maji kidogo, nusu juani nusu kivulini. Saa mbili asubuhi, dakika ishirini. Tangi la kioo lisitoke nje kabisa, litamwivisha. Na mtu lazima akae naye mwanzo mpaka mwisho."

"Kwa nini?" Tunu akauliza.

"Kunguru. Kobe wa ukubwa huu kwa kunguru wa hapa ni andazi."

Mwalimu akasema, "Saa mbili mimi niko shuleni. Dada wa kazi atakaa naye."

"Dada anamwogopa Sahani," Tunu akasema. "Akitoa kichwa anakimbia."

Kutoka jikoni tukamsikia dada mwenyewe, "Kweli kabisa, mie hapana."

Tunu alitazama mlango wa uwanjani. Watoto walikuwa wanacheza rede huko nje, kelele zinaingia. Kisha akavuta magongo yake. "Nitakaa mimi," akasema. "Anti, nibebee beseni."

Nilibeba beseni. Mwalimu alibeba kigoda. Tunu alitoka mlangoni hatua kwa hatua, ameinamisha kichwa, na mchezo wa rede ukasimama. Akakaa kwenye kigoda, akafunika nusu ya beseni kwa kanga ya mama yake, nami nikamweka Sahani majini. Haikupita muda kunguru akatua ukutani. Tunu akanyanyua gongo, akalipunga hewani kwa nguvu zote, "Toka!" Kunguru akaruka. Watoto wakacheka, mmoja akasogea, akachungulia. "Huyo nani?" "Anaitwa Sahani. Usimguse, na ukimgusa ukanawe mikono kwa sabuni." Wakajipanga kuzunguka beseni, na wakaanza kugombania zamu ya kufukuza kunguru.

Sahani hakupona kwa haraka. Ilichukua miezi ganda likaze, na mgongoni akabaki na bonde, hadi leo lipo, nimelishika. Miguu ya nyuma ilipata nguvu. Tunu naye akarudishiwa daftari, akaongeza safu ya kuandika kunguru wangapi.

Nilikuwa nakwenda kuwatazama kila wiki mbili. Safari moja nilifika asubuhi ya likizo nikamkuta Mwalimu Tumaini amesimama mlangoni anatazama uwanjani. Tunu alikuwa anasogeza kigoda kufuata jua, gongo moja tu kwapani, jingine limeegemezwa ukutani, akibishana na mtoto wa jirani kuhusu kivuli.

"Miezi yote ile nilimbembeleza atoke nje," Mwalimu akaniambia, bado anatazama mbele. "Nilimwahidi kila kitu."

Nikasimama kando yake.

"Ulichomfanyia mwanangu wakati ule sijakisahau, Dada Somoe."

"Najua, Mwalimu."

"Na hiki nacho sitakisahau." Akanishika bega. "Ingia basi. Nikutengenezee chai."